Njia ya Malori

Hadjara alivaa sweta wakiwa bado Beni, jua limeshaanza kuchoma, kwa sababu mume wake alikuwa amemwambia kwa miaka mingi kwamba Butembo kuna baridi. Wanawake waliokuwa wakisubiri gari pamoja naye walimcheka.

"Mama Yassini, unaenda Ulaya?"

"Niko naenda Butembo," alijibu. "Miye bibi ya chauffeur, na siyafikaka Butembo hata siku moja. Muniache nivae."

Wakacheka tena, naye Idi, mume wake, akacheka pamoja nao, ingawa maneno yale yalimkaa vibaya. Yalikuwa ya kweli. Alikuwa ameendesha lori la mizigo kati ya Beni na Butembo tangu ujana hadi magoti yalipomkatalia, na kila aliporudi nyumbani alirudi na habari. Alimweleza mke wake habari za kanisa kuu lenye vioo vya rangi. Alimweleza nyumba za matajiri juu ya vilima. Zaidi ya yote alimweleza ndege ya Rughenda, uwanja wa Butembo, ile ndogo inayotua juu ya udongo, ambayo mtu anasimama kando yake kwenye majani na kuona hata misumari ya tumbo lake.

"Safari ijayo tutaenda pamoja," alikuwa akimaliza.

Lakini kiti cha kabini, kile cha kando ya dereva, ni cha dereva kuuza. Tajiri mwenye lori hakiulizi. Ndicho chumvi na sabuni ya nyumbani, kila dereva anajua hivyo, na kila mke wa dereva anajua vilevile. Kila safari ilikuwa na mchuuzi wake aliyekitaka kiti kile, na Hadjara hakuwahi kugombana na mchuuzi yeyote. Alisubiri. Watoto walizaliwa, wakakua, Yassini, mtoto wa kwanza, akaoa, na yeye akawa bado anasubiri bila kununa, kama mtu anayejua kwamba zamu yake ipo.

Kisha macho yakaanza. Daktari wa Beni alisema ni presha ya macho, inafunga kutoka pembeni kuja katikati. Kilichokwisha kufungwa hakitarudi. Matone yangechelewesha kidogo kilichobaki, na kilichobaki kilikuwa kama kuchungulia kwa bomba: aliona vizuri kitu kilichokuwa mbele yake hasa, hata cha mbali, lakini pembeni hapakuwa na kitu. Kuku aliyepita miguuni hakumwona. Ndege zinazokwenda Mavivi, uwanja wa Beni, alizisikia juu ya paa kila siku, lakini angani hakuweza kuzikamata, na uwanja wenyewe wa Mavivi una askari wengi, si mahali pa kusimama na kutazama.

Siku walipotoka kwa daktari, Hadjara hakulia. Alisema tu, "Baba Yassini, ile ndege ya Rughenda. Nataka niione ikiwa imesimama chini, nitafute kila kitu polepole. Tuende sasa, bomba haiyazibika."

Ndiyo maana walikuwa pale asubuhi ile, na nauli ya kwenda na kurudi, na kitu kidogo cha kula. Idi alikuwa amempigia simu Syauswa, mpakiaji mizigo wa Rughenda, rafiki yake wa siku za lori, na Syauswa alikuwa amemhakikishia: leo ndege ipo, inatua saa sita, inapakia, saa nane inaruka.

Dereva wa gari lao aliitwa Mathe, mtu wa makamo, mwenye sauti kubwa. Alipomwona Idi akifungua mlango wa nyuma alipiga kelele.

"Muzee Idi! Ah, non! Chauffeur mukubwa hapana kaa nyuma. Ungeniletea haya. Kuya mbele."

Hiyo ni heshima wanayopeana madereva, na haikataliwi. Idi alifunga mlango wa nyuma, akazunguka, akapanda mbele, akaweka mguu wa kulia pale ambapo pedali ingekuwa. Hadjara aliingizwa nyuma kati ya mama mwenye kapu la kuku na kijana mmoja mnene. Gari lilikuwa limeshapita Mukulia kabla Idi hajakumbuka kugeuka kumtazama. Mke wake alikuwa ameelekeza uso mbele, na mbele yake kulikuwa na kisogo cha Idi.

"Uko muzuri?" alimwuliza.

"Niko muzuri."

Alisema moyoni kwamba wakirudi watabadilishana.

Butembo iliwapokea kwa wingu la chini na vumbi jekundu lililolowa. Walishuka, wakanywa chai kwa mama mmoja anayeitwa Kavuo, ambaye meza yake ya mikate Idi aliijua tangu ilipokuwa ya mama yake Kavuo. Hadjara alishika kikombe kwa mikono miwili na kushukuru kwa sweta.

"Sasa," Idi alisema, akisimama kama mwenye mji, "nifuate."

Walitembea polepole, mkono wa Hadjara umepita kwapani mwa mume wake. Idi alifurahi. Alimsimamisha mahali, akamshika mabega na kumgeuza mpaka uso wake ulipoelekea panapotakiwa.

"Unaona kale ka mulango ka mabati? Pale ndipo ressort, springi ya lori, ilinikatikia. Tulilala siku mbili chini ya lori."

"Naona mulango."

Wakaenda mbele. "Na hapa, angaria chini. Ile mutaro. Gurudumu ya nyuma iliingia yote. Bantu makumi mbili kusukuma."

"Naona mutaro."

"Na pale kwenye ile njia panda, ndipo mutu pekee katika Butembo muzima anajua kutengeneza gearbox ya..."

"Baba Yassini," Hadjara alisema, na hata Kavuo mezani kwake angekisikia kicheko kilichokuwa ndani ya sauti yake, "unanionyesha Butembo ao unanionyesha garagi?"

Idi alisimama. Alitafuta kitu kingine cha kumwonyesha katika barabara ile, akaona maduka, watu, kitenge kimetundikwa mlangoni, na hakuwa na neno hata moja la kusema juu yake. Yeye pia alicheka. Lakini tangu hapo alianza kutembea kama mtu aliyepoteza ufunguo na hataki kusema.

Kanisani mlinzi aliwaruhusu kuingia, hata alipoona kilemba cha Hadjara na kofia ya Idi. "Mungu ni moja, Muzee. Muvue tu ile kofia." Ndani palikuwa kimya. Hadjara aliomba apelekwe mbele ya kioo kimoja tu, kimoja kilimtosha. Alikaa kwenye benchi akainua uso na kuanza kukitafuta kipande kwa kipande, kama mtu anayeokota mchele uliomwagika. Ilichukua muda mrefu. Midomo yake ilisogea.

"Bluu," alisema. "Nyekundu, kidogo. Hapa kuna mukono ya mutu." Kisha akasema, "Kumbe ilikuwa kweli."

"Nilikuambia."

"Uliniambia iko ya kijani na manjano."

Hadjara aligeuza uso mpaka akampata.

"Weye hukuingiaka humu."

"Lori hailale mulangoni mwa kanisa," Idi alisema. "Convoyeur wangu, kijana wa lori, ndiye alikuwa anakuya kusali. Yeye ndiye alikuwa ananieleza."

Alitegemea mke wake atamtania, na angependa amtanie. Hadjara alirudisha macho kwenye kioo na kuyaacha hapo.

Walipotoka jua lilikuwa limepata nafasi kati ya mawingu. Kijana wa pikipiki alisimama mbele yao: "Muzee, Rughenda? Nibapeleke bote mbili, bei ya kwetu." Idi alimtazama Hadjara. Alijua jibu. Tangu pembeni kulipofungwa, pikipiki zilimtisha; kila kitu kilimtokea ghafla, kama kimeanguka kutoka mbinguni.

"Tutaenda na miguu," Idi alisema. "Ni hapa tu. Njia naijua kama mukono wangu."

Na aliijua. Alikuwa amepeleka mizigo Rughenda mara nyingi. Unafuata barabara kubwa, unapita daraja, unaacha kilima upande wa kushoto, unakizunguka chote kwa sababu mwinuko wa mbele lori lililojaa haliuwezi, kisha unapanda kwa nyuma taratibu mpaka unatokea kwenye majani. Ndiyo njia aliyoifuata. Hakuwaza njia nyingine, kwa kuwa kichwani mwake nyingine haikuwepo.

Ndani ya lori kilima kile kilimalizika kwa sigara moja. Kwa miguu hakikuisha. Barabara ilijipinda, ikanyooka, ikajipinda tena. Malori yaliwapita na kuwamwagia vumbi, na kila mara Idi alimvuta mke wake kwenye mtaro na kumfunika uso kwa kanzu yake. Hadjara alivua sweta, akaifunga kiunoni. Hakulalamika. Aliuliza tu mambo, kama kawaida yake.

"Bale bantu banatokea wapi?"

Kutoka juu ya kilima, kati ya mikaratusi, wanawake walikuwa wakishuka na madumu na mafungu ya kuni, wakiongea Kinande, wakitokea barabarani ghafla na kuvuka. Watatu, kisha wawili, kisha kijana aliyebeba baiskeli begani.

"Ni ba kule juu," Idi alisema.

"Banashuka mbio."

"Bamezoea."

Wakaendelea kuzunguka. Zaidi ya mara moja walipita mahali ambapo nyasi zilikuwa zimekanyagwa na udongo umeng'aa kwa miguu ya watu, na mstari mwembamba unapanda moja kwa moja. Idi alipita. Macho yake yalikuwa kwenye barabara, yakitafuta mashimo ya kuepuka, ingawa hakuwa na gurudumu lolote.

Mahali fulani nyuma ya kilima Hadjara aliomba wakae. Walikaa juu ya jiwe. Alivua viatu, akasugua kisigino.

"Tutafika saa ngapi?"

"Tumefika."

"Uliniambia vile pale kwenye daraja."

"Mama Yassini, ndege haiwezi kutuacha. Syauswa anajua tunakuya."

Ndipo alipokumbuka kumpigia Syauswa. Simu iliita, ikaita. Pale uwanjani, wakati wa kupakia, hakuna anayesikia simu. Akairudisha mfukoni na kumwinua mke wake, na sasa alikuwa akimvuta kidogo, bila kutaka.

Walikuwa wamebakiza mwinuko wa mwisho waliposikia mlio. Ulianza kama mashine ya kusaga, ukakua, ukajaza kilima. Idi aliujua mara moja.

"Iko inawasha tu," alisema. "Iko inapasha moto. Tukimbie kidogo."

Walikimbia, watu wawili wazima wameshikana mikono, yeye na magoti yake, Hadjara na kiatu kimoja kimelegea, akiinua miguu juu kupita kiasi kwa sababu hakuona ardhi. Walipotokea kwenye majani, ndege ilikuwa mwisho wa uwanja, nyeupe, na tayari inakuja. Idi alisimama nyuma ya mke wake, akamshika kichwa kwa mikono miwili.

"Pale! Angaria pale. Mbele. Hapana, kushoto. Kushoto kidogo, iko inakimbia. Rudi. Rudi, sasa juu. Juu!"

Alikigeuza kile kichwa kama usukani. Upepo wa ndege ulipiga nguo zao. Mlio ulipita juu yao, ukaelekea upande wa mashariki, ukawa mdogo.

"Uliiona?"

Hadjara alikuwa bado ameinua uso. Machozi ya upepo yalimtoka.

"Niliona majani," alisema. "Na wingu. Na mukono yako."

"Hata kidogo? Ile nyeupe?"

"Siyaiona, Baba Yassini. Na tukifika kwetu, hapana ambia bantu kama niliiona."

Syauswa alikuja akifuta mikono kwenye suruali, mtu mrefu, mwenye meno machache na furaha nyingi. "Muzee Idi! Ndugu yangu! Nilibangojea mpaka rubani akanitukana. Mulipitia wapi?"

"Kwenye daraja."

"Kwenye daraja..." Syauswa alitazama viatu vyao, vumbi mpaka magotini. "Mulizunguka kilima? Na miguu? Eh! Ile ni njia ya malori!" Akaanza kucheka, akipiga mapaja. "Mutu anatoka kanisani anapanda tu hapa, kwa mikaratusi, na chai haiyapoa bado! Hata bibi yangu na mimba alikuwa anapanda! Wewe Idi, ulikuwa unatafuta pa kugeuzia lori?"

Kisha akamtazama Hadjara, akaona jinsi alivyokuwa akitafuta sauti yake kwa uso, na kicheko kikamfia mdomoni. Aliondoa kofia.

"Maman. Inarudi kesho kutwa. Mukilala kwangu..."

"Aksanti, baba," Hadjara alisema. "Tuliacha wajukuu."

Hawakuwa na pesa ya siku mbili, na Idi alijua Syauswa pia anajua. Waliswali pale kwenye majani, Syauswa akiwashikia viatu. Baada ya swala Hadjara aliomba aonyeshwe mahali ndege iliposimama. Syauswa alimpeleka. Palikuwa na alama za magurudumu na doa la mafuta. Aliinama, akalitafuta doa mpaka akalipata, akalitazama muda mrefu kama alivyotazama kioo cha kanisa. Idi alisimama mbali. Mikono yake ilikuwa bado inahisi mashavu ya mke wake yakigeuka.

Syauswa aliwashusha mwenyewe kwa njia ya mikaratusi. Ilikuwa na ngazi zilizochimbwa udongoni, na penye utelezi wenyeji walikuwa wameweka magogo. Ilipita kati ya nyumba, ambako watoto waliwaamkia na mbwa mmoja aliwafuata. Hadjara alishuka akishika bega la Syauswa. Kutoka kwenye njia ile mji wote ulionekana, mabati yake, moshi wake, na barabara kubwa ikijizungusha chini kama kamba iliyotupwa. Idi aliona malori yakitembea juu yake, madogo. Hakuwahi kuiona Butembo kutoka juu. Alitaka kumwambia mke wake asimame atazame, lakini walikuwa wameshafika chini, na meza ya Kavuo ilikuwa pale, na kweli ilikuwa kana kwamba hawakutembea.

Mathe alikuwa akipakia. Hakuna dereva anayetaka kuchelewa kwenye barabara ile siku hizi za waasi, kila mmoja anataka kufika Beni kungali mchana.

"Muzee, mbele," alisema.

"Mama Yassini ndiye anakaa mbele."

"Lakini Muzee, weye..."

"Mathe. Mama ndiye anakaa mbele."

Idi alikaa nyuma. Hakuwa amewahi kukaa nyuma katika maisha yake, na hakujua aweke wapi magoti. Mbele yake palikuwa na kilemba cha Hadjara. Gari lilipotoka mjini aliona kilemba kile kikigeuka polepole, kulia, kushoto, kikisimama, kikigeuka tena.

"Maman, unatafuta nini?" Mathe aliuliza.

"Natafuta njia. Macho yangu yako kama bomba. Uniambie tu kwa kuangaria."

"Ah! Basi angaria mbele kabisa. Ule mama na mbuzi tatu. Mbuzi moja inakataa. Unaona?"

"Naona!" Hadjara alicheka. "Inakataa kabisa."

"Sasa kidogo kuume. Shule. Batoto banacheza mupira ya majani. Yule wa shati nyekundu, angaria, ataanguka. Nilisema! Ameanguka."

Ndivyo walivyokwenda. Mathe alikuwa mtu wa maneno mengi na barabara ilimpa kila alichohitaji: chukudu, ile baiskeli ya mbao, iliyojaa makaa, nyumba iliyopakwa rangi upande mmoja tu, msichana anayekausha kahawa juu ya turubai. Idi aliisikiliza barabara yake ikielezwa na mtu mwingine. Kila mahali Mathe alipotaja alipajua kwa jambo jingine, mshipa wa breki, tairi, tope la mwaka fulani. Mara mbili alifungua mdomo na mara mbili akaufunga.

Juu ya mlima wa Kabasha, kabla ya mteremko mkubwa, Mathe alisimamisha gari breki zipoe, kama wanavyofanya madereva wote. Abiria walishuka kujinyoosha. Mathe alizunguka gari, akamfungulia Hadjara mlango, akampeleka ukingoni.

"Pale, Maman. Mbele yako. Pale chini ndiko kwenu."

Wingu lilikuwa limepasuka, na kwa muda mfupi nchi ya chini ilionekana yote, msitu wa kijani kibichi ukienda mpaka pasipoonekana tena, na jua la alasiri likiupiga ubavuni. Hadjara alisimama akiutafuta kipande kwa kipande.

"Baba Yassini!" aliita, bila kugeuka. "Kuya uone!"

Idi alikuwa amepiga goti kando ya gurudumu la nyuma, kiganja chake juu ya chuma, akipima joto. Hakukumbuka kushuka. Hakukumbuka kupiga goti. Ndivyo alivyokuwa amefanya pale juu kila safari, maisha yake yote, mgongo wake ukiwa umeelekea upande ule ambako mke wake sasa alikuwa akitazama.

"Nakuya," alisema. Alishika mlango ajiinue, na magoti yakamchelewesha. Alipofika ukingoni wingu lilikuwa limejifunga, na Hadjara alikuwa ameshageuka, mkono wake umenyooshwa mbele, ukilitafuta gari.